Riwaya za meli na mabaharia: uchukue ipi kati ya Hemingway, Melville, O'Brian, Conrad na Ghosh

Mtu akiuliza riwaya nzuri ya bahari anapewa majibu yaleyale, Moby-Dick, Treasure Island, basi, na hakuna anayemwambia kwamba hivyo vitabu havifanani hata kidogo, kimoja unakimaliza wikiendi moja na kingine unaweza ukakianza kaskazi inavuma ukakimaliza kusi imeshaingia. Anachukua kisichomfaa, anakwama ukurasa wa 80, alafu anaenda kusema riwaya za bahari zinachosha. Sio kweli jamani. Hizi ni stori kali mno, na sisi wa Dar ambao tukivuka na pantoni kwenda Kigamboni tunapishana na meli za mizigo zinaingia bandarini, sioni sababu ya kuziachia watu wa Ulaya.

Mimi kabla ya jina la mwandishi au tuzo naangaliaga kitu kimoja: ndani ya hiyo meli mwandishi amekuweka wapi. Kuna vitabu vinakuweka juu pembeni ya nahodha, unaona ramani, unasikia amri kabla haijatoka. Kuna vinavyokuweka na mabaharia wa kawaida, unavuta kamba, unalala kwenye unyevu, unakula chakula kibovu. Na kuna vichache, vichache sana, vinakushusha chini kabisa tumboni mwa meli kule waliko watu waliopakiwa kama shehena. Ukishajua unataka kukaa wapi, kuchagua kunakuwa rahisi. Kinachobaki ni muda ulionao na Kiingereza chako kimefika wapi, maana vingi nitakavyotaja hapa ni vya Kiingereza, nitasema kila kimoja ugumu wake.

Nianze na Hemingway na Melville kwasababu kwa juujuu stori zao ni moja, mtu na kiumbe kikubwa cha majini na hakuna anayekubali kuachia.

The Old Man and the Sea ilitoka 1952. Santiago ni mvuvi mzee wa Kuba, siku 84 zimepita hajapata samaki, kijana Manolin aliyekuwa anavua naye wazazi wake wamemhamishia boti nyingine wakiona mzee ana mkosi, basi anaenda peke yake mbali kabisa na pwani na huko ananasa nduwaro wa futi 18, mrefu kuliko mtumbwi wenyewe. Stori nzima ndo hiyo. Samaki anamvuta siku na usiku, mshipi unamkata viganja, mkono mmoja unamkakamaa, anaongea peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kwenda Feri asubuhi akaangalia mikono ya wavuvi wanaoshusha samaki atakielewa hiki kitabu vizuri kuliko profesa. Hakuna nahodha hapa, hakuna sitaha, kuna mzee na kamba. Sentensi zake ni fupi, maneno ya kawaida, mwanafunzi wa form two anakimudu akiwa na kamusi pembeni, na kurasa ni mia na kidogo tu. Mwaka uliofuata kikachukua Pulitzer, na 1954 Hemingway akapewa Nobel, ila hata bila tuzo ningekipa mtu yeyote anayeanza.

Moby-Dick ya 1851 ni mzigo mwingine kabisa. Sura 135, juu yake kuna hitimisho. Msimuliaji ni Ishmael, kijana anayejiandikisha kwenye meli ya kuwinda nyangumi, nahodha wao ni Ahab ambaye mguu wake uliliwa na nyangumi mweupe na sasa meli nzima na watu wote waliomo anawatumia kulipiza kisasi. Hiyo sehemu ya kisasi inasisimua sana, tatizo ni kwamba inasafiri kama daladala ya Mbagala, inasimama kila kituo: sura ya aina za nyangumi, sura ya kamba, sura ya mafuta, sura ya rangi nyeupe kwanini inatisha. Wengine wanaziruka. Mimi nasema usiziruke zote, kwasababu Melville alikuwa anajua anachosema, 1841 yeye mwenyewe aliingia baharini kwenye meli ya nyangumi iitwayo Acushnet, na zile sura za kazi (jinsi chusa, ule mkuki wa nyangumi, inavyorushwa, jinsi mafuta yanavyochemshwa palepale melini usiku moto unawaka) ndo zinakufanya uamini kwamba hao watu walikuwepo kweli. Na tukio la nyangumi kuipiga meli halikutoka hewani, meli ya Marekani iitwayo Essex ilizamishwa na nyangumi Bahari ya Pasifiki mwaka 1820.

Kingine ninachokipendea ni watu. Wapiga chusa wa hiyo meli ni Queequeg kutoka visiwa vya Pasifiki, Tashtego Mhindi Mwekundu, na Daggoo ambaye ni Mwafrika, mrefu kama mlingoti. Wazungu ndo maofisa, ila kazi ya hatari yenyewe, kusimama mbele ya mashua na chusa mkononi, iko kwa hawa. Na safari yao inazunguka Rasi ya Tumaini Jema, inakata Bahari ya Hindi kwenda Pasifiki, kwa hiyo kwa muda wanapita maji yetu.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: kama hujazoea kusoma riwaya ndefu chukua Hemingway, usibishane na mtu. Moby-Dick chukua kama wewe ni mtu ambaye fundi akifungua injini unasogea kuangalia badala ya kukaa kwenye benchi kusubiri. Hiyo ndo tofauti yenyewe hasa, wala sio akili nyingi au chache. Ila Kiingereza chake ni cha zamani na kigumu, hilo nisikufiche.

Kama unanunulia mtoto au mdogo wako wa sekondari, hapo usifikirie mara mbili, ni Treasure Island ya Stevenson, kitabu kilichotoka 1883. Stevenson alianza kwa kuchora ramani ya kisiwa akiwa na mtoto wa mkewe, ndo stori ikazaliwa, na mpaka leo inakwenda kasi vilevile. Ile sehemu Jim yuko ndani ya pipa la matofaa anamsikia mpishi Silver akipanga uasi, mtoto hawezi kulala mpaka ajue kimeendaje. Na uzuri kuna tafsiri ya Kiswahili ya zamani, Kisiwa Chenye Hazina, ya Frederick Johnson, ukiikuta kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta usiiache. Wa kulinganisha naye ni Jules Verne na nyambizi yake Nautilus, Twenty Thousand Leagues Under the Sea ya 1870, hiyo inamfaa zaidi mtoto anayependa sayansi, majina ya samaki ni mengi mpaka yanachosha, lakini kuna sehemu karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo) ambapo Nahodha Nemo anamwokoa mpiga mbizi maskini wa lulu asiliwe na papa alafu anampa mfuko wa lulu, nzuri sana.

Sasa manowari. Wengi waliona ile muvi ya 2003 ya Russell Crowe, Master and Commander, wakadhani kitabu ni mizinga mwanzo mwisho. Patrick O'Brian alianza na Master and Commander mwaka 1969 akaendelea mpaka riwaya 20 kamili, ya 21 alifariki hajaimaliza. Steringi ni wawili, Jack Aubrey nahodha wa jeshi la maji la Uingereza na Stephen Maturin daktari wake, na kitabu kinaanza 1800 kwenye kisiwa cha Minorca kwenye tamasha la muziki ambapo nusura wapigane. Alichofanya O'Brian ni ujanja mkubwa: daktari hajui kitu chochote cha meli, kwa hiyo kila akielekezwa na wewe unaelekezwa. Hata hivyo majina ya matanga na kamba yanakuja mengi kwa mkupuo, ushauri wangu yaache yapite, utayazoea kama unavyozoea lafudhi ya mgeni.

Na vita vyake sio vya kubuni tu. Kile kipigano kikubwa cha kitabu cha kwanza kimetoka kwenye tukio la mwaka 1801, nahodha Thomas Cochrane na meli ndogo Speedy, mizinga 14 na watu 54, aliiteka El Gamo ya Hispania iliyokuwa na mizinga 32 na watu 319. Ungesoma bila kujua ungesema mwandishi ametia chumvi. Anayetaka ya huku kwetu aruke mpaka The Mauritius Command ya 1977, ni kitabu cha nne, kinahusu Waingereza walivyovichukua Reunion na Mauritius kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, Bahari ya Hindi tupu, na kinasomeka hata kama hujasoma vitatu vya nyuma.

Ila hapa ndo nina neno. O'Brian anaandika kwa upendo mkubwa na urafiki wa wale wawili ni mtamu, tatizo unakaa juu na nahodha muda wote. Mabaharia wa chini wapo, wana majina, wanachekesha, lakini macho ni ya wakubwa. Na watu wa pwani ambazo hizo meli zinapita wanaonekana kwa mbali, wamesimama ufukweni. Kama unataka utamu wa ubaharia, mbinu, upepo, nidhamu, hakuna anayemzidi. Kama unataka kujua bahari hii ilikuwaje kwa watu wenye sura kama zetu inabidi utoke kwake.

Conrad yuko katikati na ndo maana ananivutia zaidi. Yeye ni Mpolandi aliyezaliwa 1857, Kiingereza alijifunza ukubwani, akafanya kazi kwenye meli za biashara mpaka akapata cheti cha unahodha 1886, alafu ndo akaandika. Ana vitabu vingi vya bahari, nitachukua viwili. Typhoon ya 1902 ni fupi, nahodha MacWhirr ni mtu asiye na mawazo mengi, anaona barometa inashuka anakataa kuzunguka kimbunga kwasababu njia ndefu inakula makaa, anaingia nacho kichwakichwa, na chini kwenye shehena kuna vibarua 200 wa Kichina na akiba zao za fedha za miaka ya kazi zimepasuka kutoka kwenye masanduku zinabiringika watu wanazigombania gizani meli ikilala huku na huku. Kama umewahi kuwa kwenye boti ya Unguja mwezi wa saba kusi imechachamaa utaisoma umeshika kiti.

Lord Jim ya 1900 ndo kubwa. Meli inaitwa Patna, kuukuu, imeliwa na kutu, imebeba mahujaji 800 kwenda Makka. Usiku, bahari shwari kabisa, inagonga kitu. Ofisa mmoja anashuka kuangalia ukuta wa chuma wa ndani anaona umebinuka maji yanausukuma, boti ni saba watu 800, maofisa hawamwamshi mtu, wanashusha boti moja wanakimbia wao. Jim ni ofisa kijana aliyeota ushujaa maisha yake yote, anasimama anasitasita, mwisho anaruka. Na meli haizami. Inakokotwa mpaka Aden na mahujaji wote wazima, na Jim anabaki na ule mruko mmoja maisha yake yote.

Hii nayo ni habari ya kweli. Agosti 1880 meli ya Jeddah iliyotoka Singapore na mahujaji karibu elfu moja iliachwa na nahodha na maofisa wake karibu na Rasi Guardafui, pale pembe ya Somalia, rasi ileile ambayo majahazi ya Uarabuni yalikuwa yanaizunguka kuja kwetu na kaskazi. Wakaokotwa na meli nyingine, wakafika Aden wakasema imezama watu wote wamekufa. Haikupita siku nyingi Jeddah ikaingia Aden inavutwa na meli ya Antenor, mahujaji wako juu wanaangalia. Sisi ambao tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na Spice Islander mwaka 2011 hatuwezi kusoma hii kama stori ya mbali.

Kitu kimoja kinaniuma kwenye Lord Jim na nakisema wazi kwasababu kitakusaidia kuamua. Mahujaji 800 hawaongei. Wanapanda meli, wanalala, wanaachwa, na kitabu kinaenda na aliyewaacha. Ila Conrad ameacha dirisha moja dogo: Wamalai wawili walioshika usukani hawakukimbia. Hakuna aliyewaambia kitu, wakabaki pale usukani mkononi, na mahakamani mmoja anaulizwa uliwaza nini anajibu hakuwaza kitu. Ni kurasa chache tu, na kwangu mimi wale wawili ndo mabaharia wa kweli wa kitabu kizima, natamani tungekaa nao zaidi. Usomaji wake ni mgumu kidogo, anayesimulia ni mzee Marlow na anaruka mbele na nyuma, sehemu ya Patna ni nusu ya kwanza tu, ya pili iko nchi kavu kisiwani na kwa maoni yangu inapoa.

Na hapo ndo Amitav Ghosh anaingia, maana Sea of Poppies ya 2008 ni kama mtu aliyesoma vitabu vyote vya nyuma alafu akaamua kushuka ngazi. Mwaka ni 1838, meli ni Ibis, zamani ilibeba watumwa, sasa inatengenezwa Calcutta ibebe vibarua wa Kihindi na wafungwa kwenda Mauritius. Kuna Deeti, mama wa kijijini ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha kasumba (afyuni) kule Ghazipur. Kuna Kalua anayemtorosha asichomwe moto pamoja na maiti ya mumewe. Kuna Neel, tajiri mwenye cheo aliyefilisiwa na kufungwa. Kuna Zachary, baharia wa Baltimore, mama yake alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru, watu wanamdhani Mzungu na yeye anakaa kimya. Na kuna Serang Ali, serahangi yaani mkuu wa mabaharia, ambaye anajua zaidi ya maofisa wote. Mabaharia wake wametoka kila pembe ya hii bahari, Waarabu, Wamalai, Wagoa, Wachina, na Waafrika Mashariki wamo, wanaongea lugha yao ya mchanganyiko ambayo msomaji wa pwani anaisikia mlemle, maana mengi ya maneno hayo yalishafika kwenye majahazi yetu zamani.

Kwanini walipelekwa Mauritius? Miwa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, wenye mashamba wakataka mikono mipya. Na mikono ya zamani mingine ilitoka hapa kwetu, mwaka 1776 Mfaransa Morice alisaini mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya Mauritius na Reunion. Kwahiyo ukimsoma Deeti akipanda ile meli ujue anaenda kusimama kwenye shamba ambalo kabla yake alisimama mtu wa Kilwa. Ghosh haandiki hilo la Kilwa, nakuongezea mimi, lakini ukilijua kitabu kinakuwa kizito mara mbili.

Nikiwaweka O'Brian na Ghosh ubavu kwa ubavu ni hivi. O'Brian anakufundisha meli inavyoendeshwa, kwa Ghosh unajifunza ilikuwa inabeba nini na kwa faida ya nani. O'Brian unacheka zaidi na unapumzika, Ghosh unakasirika na kuna kurasa utafunga kitabu kidogo. Vita ya mizinga hakuna kwa Ghosh, na Ibis yenyewe inachelewa kuingia baharini, karibu theluthi mbili za kitabu uko mtoni na mjini, anayetaka mawimbi ukurasa wa kwanza atakereka. Hata hivyo kura yangu mimi kwa msomaji wa Dar aliyeshasoma riwaya mbili tatu za Kiingereza ni Ghosh kwanza, bila kusita, alafu Lord Jim, alafu ndo O'Brian kwa raha zake. Kiingereza cha Ghosh kinachanganya mwanzoni kwasababu ya hiyo lugha ya mabaharia, usitafute kila neno, endelea, yanajieleza yenyewe.

Vya kwetu je? Adam Shafi, Kuli, 1979. Sio ya safari, meli ziko gatini na stori ni ya wanaozipakua, Rashidi na wenzake bandari ya Zanzibar mpaka mgomo wa 1948. Kiswahili chake ni safi, inasomeka haraka, na baada ya Typhoon inakaa vizuri sana kwasababu unaona mzigo uleule kwa upande wa mabega. Nyingine ni The Dragonfly Sea ya Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor, 2019, binti wa Pate anayeitwa Ayaana anayejichagulia baharia mzee Muhidin awe baba yake, baadaye anasafiri kwa meli mpaka China. Ndefu, lugha ya kishairi, wengine wataipenda kuliko Ghosh na sitawalaumu, mimi naona safari ya melini ni nzuri sana ila katikati inazunguka.

Kuhusu kuvipata: Treasure Island, Moby-Dick, Verne, Typhoon na Lord Jim vyote ni vya zamani haki zake zimeisha, viko bure na halali kwenye Project Gutenberg, unapakua kwenye simu bando dogo tu. Hemingway kwenye mitumba anapatikana kirahisi. O'Brian na Ghosh ndo itabidi ununue au uagizie, na kwa Ghosh jipange mapema, Sea of Poppies inakatika dhoruba imepamba moto na watu wako kwenye mashua, inaendelea River of Smoke ya 2011 na kumalizika Flood of Fire ya 2015, tena kile cha pili kinakupeleka Canton huko China na watu wapya, kwahiyo ukipata nafasi agiza vyote vitatu kwa pamoja.